Hua Wawili



Tarehe 2 ya mwezi huu wa Februari tunaishika tena sikukuu ya Kuletwa Bwana Hekaluni, siku ya arobaini tangu kuzaliwa kwake. Wengi wetu huja kwa ajili ya mishumaa, nasi hatuwalaumu. Mishumaa ni mizuri, na watoto hupenda kuibeba hata nta ikiwachoma vidole. Lakini katika Injili ya siku hiyo, Luka sura ya 2, mstari wa 24, limo neno dogo ambalo kwa miaka mingi tumelisoma na kulipita, kama mtu apitaye mlango wa jirani kila asubuhi asijue ndani anakaa nani. Ni neno la hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Mwaka huu neno hili limetukamata, na aliyesababisha ni mtoto wa miaka kumi pamoja na kitu chake cha kuchezea. Habari yenyewe haitupi sifa. Hata hivyo tumeona si haki kuificha, maana wengi wenu mlikuwapo, mkapiga makofi pamoja nasi.

Jina la mtoto hatulitaji, na wanaomjua tunawaomba wasimtaje. Anakaa na bibi yake hapa mtaani kwetu. Mama yake yuko Maskati kwa kazi za ndani, kama walivyo mama na dada wengi wa Unguja, wa Pemba na wa bara. Huu ni mwaka wa tatu hajamwona mwanawe ila katika kioo cha simu. Mwaka jana mtu mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani alikabidhiwa kifurushi akilete: jozi ya viatu, sabuni za kunukia za bibi, madaftari, na chini kabisa, kimefungwa ndani ya kanga, kigemu cha mkononi. Kilikuwa kimekwisha kutumiwa na watu wengine, na pembe moja ilikuwa na mikwaruzo. Mama alikinunua kwa fedha aliyokuwa akiiweka kando kidogo kidogo. Ndani yake mlikuwa na kaseti moja ya mchezo.

Kwa wazee wenzetu ambao hawajakiona kitu hiki, tuseme hivi: ni mashine ndogo ya michezo ya picha, ambayo mtu huishika kwa mikono miwili na kubonyeza vitufe kwa vidole gumba. Hiki chetu kinaitwa Nintendo 2DS. Kampuni hiyo ya Japani ilikuwa imetoa kwanza, mwaka 2011, mashine iitwayo 3DS, yenye vioo viwili, inayokunjwa kama kitabu, na kioo chake cha juu kinaonyesha picha zenye kina kana kwamba mtu anachungulia dirishani. Tarehe 12 Oktoba 2013 wakaitoa hii ya pili katika Marekani na Ulaya, imerahisishwa na kupunguzwa bei, dola 129.99, wakati ile ya kukunja ikiuzwa dola 169.99. Haikunjwi. Ni bapa kama kigae, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili. Picha za kina hazimo.

Basi ikafika Jumapili ya Mavuno. Mnakumbuka jinsi ilivyokuwa: mikungu ya ndizi, muhogo, mafenesi mawili yaliyonukisha kanisa zima, majogoo yaliyowika wakati wa Sala ya Kuweka Wakfu, karafuu katika vikaratasi. Mtoto huyu alikuja mwisho wa mstari na mfuko wa plastiki. Tulipoufungua mnadani tukakuta kigemu. Ndipo tukakiinua juu ili wote wakione, tukasema, tazameni mtoto huyu, ametoa kitu akipendacho kuliko vyote, nanyi watu wazima mmeleta jogoo mgonjwa. Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Tukamlinganisha na mjane wa Marko sura ya 12. Mchuuzi mmoja wa samaki alikinunua kwa shilingi elfu arobaini na tano, nasi tukamshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata, kwa kuwa mfano mzuri haupatikani kila siku, tukahubiri tena habari ile ile.

Wiki mbili baadaye simu ilitujia jioni kutoka Maskati. Ni yule mama. Alitusalimu kwa adabu, akauliza habari za kanisa, za bibi na shinikizo lake la damu, akasitasita kidogo, kisha akasema, "Padre, naomba unisamehe nikikuuliza jambo la kitoto. Mwanangu akikicheza kile kigemu, huwa anacheka? Mama haoni vizuri siku hizi, nikimwuliza ananiambia mtoto hajambo. Mimi nataka kujua kama anacheka."

Ndugu zangu, tumesomea kazi hii, tumezika watu na kuwafariji waliobaki, lakini jibu la swali hilo hatukuwa nalo. Tulisema tutamtazama.

Kesho yake baada ya shule tukamwita mtoto, tukakaa naye barazani. Kwa muda mrefu hakusema neno. Alikuwa akichora chini kwa kijiti. Hatimaye akatuambia. Katika masomo ya jioni yuko mtoto mmoja ambaye jamaa zake wanaishi ng'ambo, naye ana ile ya kukunja. Siku ya kwanza alipokileta chake, wenzake walikizunguka wakauliza mbona hakikunjiki, mbona picha zake zimelala, mbona kinafanana na kibao cha chapati. Jina likashika. Kila alipopita waliita, "Kibao! Kibao!" Akakificha chini ya godoro, na usiku hakukicheza kwa kuwa bibi angeona mwanga. Tukamwuliza, basi ukakileta kanisani kwa nini? Akasema, "Nilifikiri nikikitoa kanisani hakuna atakayenicheka." Akanyamaza, kisha akaongeza, "Na kweli, Padre, ulifurahi."

Tunakiri kwamba maneno hayo yalituuma kuliko karipio la Askofu. Mtoto alitupa aibu yake sandukuni, nasi tukaipokea kwa makofi tukaiita sadaka. Tena hatukuuliza hata swali moja. Mtu mzima akileta shamba lake la mikarafuu lote tutamwuliza kama nyumbani wanajua. Mtoto akileta kitu cha mama yake tunamkimbilia kumpamba.

Sasa turudi kwenye torati, maana usiku ule ndiko tulikokimbilia. Walawi sura ya 12 inaagiza kwamba mama aliyejifungua mtoto wa kiume, siku zake za kutakaswa zikitimia, amletee kuhani mwana-kondoo wa mwaka mmoja kwa sadaka ya kuteketezwa, pamoja na kinda la njiwa au hua kwa sadaka ya dhambi. Hapo ndipo mwenye fedha anaposimama. Lakini sura haikuishia hapo. Yupo mama ambaye mkono wake haufikii bei ya kondoo. Huyo ataleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Hayo ndiyo aliyoleta Mama yetu Bikira Mariamu. Luka hakusema kwamba walikuwa maskini. Ametaja ndege tu akanyamaza, na mwenye kuijua torati ameelewa. Walikosa fedha ya kondoo, na mikononi mwao walikuwa wamembeba Mwana-kondoo mwenyewe.

Someni pia sura ya 5, mstari wa 11, mwone torati inavyoshuka ngazi kumfuata mtu. Kwa makosa yale yanayotajwa mle, aliyeshindwa hata hua aliruhusiwa kuleta unga, sehemu ya kumi ya efa, usiotiwa mafuta wala ubani. Viwili vimeondolewa, mafuta na ubani, na kilichobaki ni konzi za unga. Wala si Waisraeli waliojipunguzia wenyewe kwa ujanja, kama tunavyojua sisi kupunguza zaka. Ni Mungu aliyepunguza. Aliona mbele kwamba watakuwako watu wa namna hii, akawawekea mlango wao katika sheria ile ile.

Na hili ndilo tulilolipita miaka yote: mwisho wa maneno ni ule ule. Kwa mama wa kondoo imeandikwa kuhani atamfanyia upatanisho naye atakuwa safi, na kwa mama wa hua imeandikwa vivyo hivyo. Hakuna usafi wa daraja la kwanza na usafi wa daraja la pili. Kuhani hakuambiwa amtakase nusu.

Siku chache baadaye tulikwenda kumtafuta mchuuzi wa samaki, tukiwa na shilingi elfu arobaini na tano mfukoni, fedha yetu wenyewe, tukidhani jambo litakwisha upesi. (Tuliwahi kuwaza kuitoa katika fedha ya mavuno, lakini mtunza hazina wetu alitukumbusha kwamba imekwisha kuandikwa katika daftari kwa ajili ya paa la sakristia, na mvua haitasubiri toba ya Padre. Alisema kweli.) Mchuuzi alitusikiliza mpaka mwisho huku akipara changu. Kisha akasema, "Padre, wewe ndiye uliyenadi. Mimi nilimpa binti yangu. Ana miaka minane. Unataka nikamnyang'anye, nimwambie nini? Nimwambie kanisa limegeuka?"

Tukaona tumefanya kosa la kwanza, na sasa tulikuwa njiani kufanya la pili.

Ila ilitokea kwamba kitufe kimoja kilikuwa kimeganda, na baba alikuwa akienda nacho Darajani kwa fundi wa simu. Tukaongozana. Fundi ni kijana mwenye ulimi mwepesi na mikono mizuri. Alipokifungua alitufundisha zaidi ya tulivyotazamia. Akatuonyesha kwamba vioo viwili tunavyoviona kwa nje, ndani ni kioo kimoja tu kikubwa. Plastiki ya mbele imekifunika katikati, jicho likadhani ni viwili. Kipaza sauti ni kimoja badala ya viwili. Bawaba haimo, na kwa maoni yake hilo ni jambo zuri, kwa kuwa mashine za kukunja huletwa kwake zimevunjika hapo hapo penye bawaba. "Hiki," akasema, "wametengenezea watoto. Mtoto akikidondosha sakafuni unakiokota tu." Kisha akatueleza habari ya picha za kina: kampuni yenyewe ilikuwa imeonya kwamba watoto wenye miaka sita na chini yake wasizitazame. Kwa hiyo walipoiondoa sehemu ile walipunguza gharama, na papo hapo wakawafungulia mlango watoto wadogo.

Tukamwuliza swali letu la kijinga: je, michezo yake nayo ni ya nusu? Akatutazama kwa huruma. "Kaseti ni zile zile, Padre. Kila kinachocheza katika kile cha kukunja kinacheza katika hiki."

Tulisimama pale Darajani, katikati ya kelele za wauza maembe, tukasikia Walawi sura ya 12.

Hatutaki mtu afikiri kwamba tunaviweka vitu hivi madhabahuni. Kampuni ni kampuni. Inapopunguza bei inatafuta wanunuzi wengine, na hilo si siri. Tena si kila upunguzaji ni mwema. Tarehe 20 Septemba 2019 kampuni ile ile ilitoa mashine nyingine ya bei nafuu, iitwayo Switch Lite, kwa dola 199.99, wakati dada yake mkubwa aliuzwa dola 299.99. Safari hii waliondoa uwezo wa kuiunganisha na televisheni, na vishikio vya pembeni ambavyo hapo kwanza vilichomolewa, kimoja akapewa ndugu wa pili wakacheza pamoja, vikagandishwa mahali pake. Twajua kwamba mwenye fedha ya kununua vishikio vingine bado anaweza kucheza na mwenzake. Lakini jinsi kinavyotoka dukani ni chombo cha mtu mmoja. Mzazi anayetaka kununua aulize swali hilo: kilichoondolewa kilikuwa pambo, au kilikuwa nafasi ya ndugu yake? Nasi tulio na madaraka kanisani tujiulize vivyo hivyo tunapofupisha ibada ili watu wawahi nyumbani. Ubani ukikosekana Misa ni Misa. Amani tusipopeana, sijui.

Tena mtoto acheze kwa kiasi, amalize kwanza kazi za shule, wala asikilete ndani ya kanisa. Hilo hatuna haja ya kulirefusha.

Hapa kwetu jambo hili la kitu kilichorahisishwa si geni hata kidogo. Muulizeni mzee yeyote achezaye bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na katika kete 32 za kila mchezaji, 10 tu huanza ubaoni, 6 kati ya hizo katika nyumba. 22 zilizobaki anazo mkononi, naye huzinamua moja moja. Baadaye ndipo mtaji. Mchezo huo una kina kirefu hata wataalamu wa ng'ambo wamekuja Zanzibar kujifunza jinsi mafundi wetu wanavyohesabu kichwani. Mtoto akianzishwa hapo atakimbia. Kwa hiyo wazee wetu waliweka bao la kujifunza: kila shimo kete mbili tangu mwanzo, hakuna kunamua, twende. Na asiye na ubao huchimba mashimo mchangani akaokota komwe. Hatujapata kumsikia fundi wa bao akimwita mtoto huyo maskini. Humkalia karibu, humwonyesha, na mara nyingine humwacha ashinde, ingawa fundi wa bao hawezi kukiri hilo mbele za watu.

Na yule aliyeanzisha ukoo wa vigemu hivi naye alikuwa mtu wa namna hii. Jina lake Gunpei Yokoi, Mjapani. Aliingia katika kampuni ile mwaka 1965 kama fundi wa kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Yeye alishika wazo moja maisha yake yote: usikimbilie kifaa kipya kabisa kilicho ghali, chukua kilichokwisha kuzoeleka, kilicho rahisi, watu wanachokiona kimenyauka, ukitafutie matumizi mapya. Mwaka 1989 ilitoka Game Boy, aliyoisimamia. Haikuwa na rangi, wakati mashine za wapinzani zilikuwa nazo. Wapo waliocheka. Lakini ile Game Gear yenye rangi ilikula betri sita kwa saa chache tu, na hii isiyo na rangi ilikwenda kwa betri nne zaidi ya saa kumi. Sisi tuliokuwa Unguja katika giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima karibu miezi mitatu, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtu alijua wakati ule nani ana friji kubwa, na nani ana taa ya chemli.

Wageni wakija Mkunazini huonyeshwa nguzo zile za nyuma katika Kanisa Kuu, zinazosimuliwa kwamba Askofu Steere alipokuwa hayupo mafundi walizisimamisha juu chini. Wageni hucheka, nasi hucheka nao. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, jiwe la msingi likawekwa Krismasi ya mwaka huo huo, na Krismasi ya mwaka 1877 watu wakasali mle kwa mara ya kwanza. Nguzo zile zingali zimesimama, na hakuna aliyewahi kuzitaka radhi.

Tumetoka nje kidogo. Turudi kwa mtoto.

Tulimwendea tukamweleza yote, kwamba kigemu kiko kwa binti wa mchuuzi, kwamba hatuwezi kukirudisha kwa nguvu, na kwamba kosa lilikuwa letu kabla ya kuwa lake. Tukamwomba radhi. Kama wapo wanaoona si vizuri Padre kumwomba mtoto radhi, waje tuzungumze. Kisha tukamwambia kwamba mama yake ameuliza swali, na jibu ni lake. Akalia. Bibi akasema mwacheni alie.

Alipiga simu mwenyewe, Jumapili jioni, kwa simu yetu, nasi tulitoka nje mpaka ukumbini, ila mlango ulikuwa wazi. Alimwambia mama yake kila kitu: kibao cha chapati, godoro, mnada. Upande wa pili palikuwa kimya mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha tukamsikia mtoto akijibu, na majibu tu ndiyo tuliyoyasikia.

"Kwa binti wa muuza samaki."

"Minane."

"Ndiyo, mama, anakicheza. Anacheka sana. Ana kicheko kikubwa kama cha Bibi."

Kisha akasikiliza muda mrefu, akasema, "Sawa, mama," mara mbili, akarudisha simu. Hatukumwuliza aliambiwa nini.

Jumamosi iliyofuata mchuuzi alimleta binti yake katika darasa la watoto. Alisema hatukirudishi, Padre, lakini siku hii kitakuja kanisani na mwenyewe. Mtoto wetu alimwonyesha yule binti mlango wa siri katika hatua ya nne, ambao wiki tatu alikuwa akiutafuta. Walikaa ngazini vichwa vimegusana, kile kioo kimoja kinachojifanya viwili kikiwamulika usoni. Walipofika wale wa masomo ya jioni, mmoja alianza, "Kib..." halafu akaona kwamba binti hajui kama anatukanwa, akaketi kungoja zamu yake. Sasa wako sita au saba, na ugomvi wa zamu tunauamua sisi. Kile cha kukunja kimevunjika bawaba. Kiko kwa fundi Darajani.

Darasa la watoto linaendelea kila Jumamosi saa tisa alasiri, barazani. Ubao wa bao la kujifunza tumeupata kwa mzee mmoja wa mtaani, tunamshukuru. Zimepungua komwe nne. Mwenye nazo atuletee kabla ya sikukuu. Mishumaa itatolewa mlangoni.